Nilimpeleka babu kuona matuta, akaanza kuyakagua

Babu yangu ni Mndengereko wa Rufiji, tena Rufiji ya bondeni, siyo ya barabarani. Ukimchanganya anakusahihisha hapo hapo. Amelima mpunga kwenye bonde la mto maisha yake yote. Kila mwaka anahamia dungu, kibanda cha juu ya nguzo, kwa miezi, mchana akiwinga ndege, usiku akifukuza nguruwe. Umri wa wanawe anauhesabu kwa mafuriko: huyu alizaliwa kabla ya maji makubwa, yule maji yalipokuwa yanaondoka. Mto ukijaa kwa kiasi, kwao ni neema, kwa sababu unaacha udongo mpya, na kwenye udongo huo ndipo yanapopandwa mahindi ya mlau. Mto usipojaa kabisa, hapo ndipo watu wanaanza kuulizana watakula nini.

Kwa hiyo alipokubali kuja Ulaya kunitembelea, sikuhangaika na minara wala makumbusho ya picha. Nilipanga kumpeleka kwenye maji: tutoke kwangu Almere, Uholanzi, tupande Friesland, tufuate pwani ya kaskazini ya Ujerumani, tumalizie Ribe, Denmark. Nchi zote hizo ni tambarare kama sinia, zimekatwakatwa na mifereji, na nyingine ziko chini ya bahari yenyewe. Tungekwenda kwa kagari kangu kadogo, taratibu, maana miguu ya babu imechoka ila macho bado.

Bibi alikataa safari. Alisema baridi anayoijua yeye ni ya friji, na hiyo inamtosha. Babu akaja peke yake na kofia yake, fimbo yake, na mfuko wa mchele ambao hadi leo sijauliza ulipitaje forodha.

Almere ni mji ambao haukuwepo wakati babu anaoa. Siyo mji tu, hata ardhi yake haikuwepo. Palikuwa bahari, ghuba kubwa iliyoitwa Zuiderzee. Mwaka 1916 dhoruba ilivunja matuta ya ghuba ile, na miaka miwili baadaye bunge likapitisha sheria ya kuifunga. Aliyechora mpango ni mhandisi Cornelis Lely, ambaye alifariki 1929 kabla ya kuona kazi imekwisha. Tuta la kufunga mlango wa ghuba lilikamilika 1932, bahari ikageuka ziwa, kisha wakaanza kulikausha ziwa lenyewe kipande kwa kipande. Kipande chetu kilikauka 1968. Watu wa kwanza kuhamia Almere waliingia 1976.

Nilimweleza babu yote haya sebuleni kwangu, akinywa chai. Akatazama sakafu.

"Na maji yenyewe yako wapi sasa?"

"Yako nyuma ya tuta, babu. Juu yetu."

"Juu yetu?"

"Mita kadhaa juu yetu."

Akaweka kikombe chini. "Na nani anakesha?"

Nikamwambia kuna mitambo, pampu zinazovuta maji ya ardhini na ya mvua na kuyamwaga nje ya tuta mwaka mzima. Kituo kimoja, De Blocq van Kuffeler, hakiko mbali na kwangu. Akauliza umeme ukikatika je. Nikamwambia huku haukatiki ovyo. Babu akanitazama kwa huruma, jinsi mtu mzima anavyomtazama mtoto aliyedanganywa dukani. "Hakuna umeme usiokatika," akasema, akaenda kuswali.

Kitu kilichomvutia kuliko bahari iliyokaushwa kilikuwa bili. Kila mwaka napata bili ya kodi ya maji, na siyo ya maji ya bomba. Ni kodi ya kuzuia nyumba yangu isizame. Anayeitoza ni bodi ya maji ya eneo letu, Zuiderzeeland. Zipo bodi 21 nchi nzima, na asili yake ni karne ya 13, zama ambazo wakulima walilazimika kukaa pamoja na kugawana kazi ya matuta kwa sababu tuta la jirani likibomoka unazama na wewe. Wajumbe wanachaguliwa kwa kura. Mimi mgeni mwenye kibali tu cha kuishi sina kura ya bunge la Uholanzi, lakini kura ya maji ninayo. Babu alinitaka nirudie sentensi hiyo. Kisha akataka kujua kama kuna mwenye shamba kubwa ambaye halipi. Nikamwambia hilo sidhani. Akasema kama kweli kila mtu analipa, basi anaanza kuelewa kwa nini nyumba yangu haina unyevu.

*

Tulipoanza safari, njia ilipita katikati ya mashamba ya viazi na vitunguu yaliyonyooka kama yamepigwa rula. Kwenye mashamba hayo ya Flevoland yamegunduliwa mabaki ya meli zaidi ya 400. Mkulima analima, trekta linagonga ubao wa jahazi. Babu alilipenda hilo, lakini kilichomfanya aombe nisimamishe gari ni Schokland.

Schokland ilikuwa kisiwa chembamba katikati ya ghuba. Kila dhoruba ilikula kipande. Wakaaji, zaidi ya watu 600, wengi wakiwa wavuvi maskini, walibanana juu ya vilima vichache vilivyorundikwa kwa mikono. Mwaka 1859, wakati wa mfalme Willem wa Tatu, serikali iliamuru kisiwa kihamwe. Nyumba zikabomolewa. Watu wakaenda Kampen, Volendam na kwingineko. Kisha, 1942, kipande kile cha bahari kilikaushwa chote. Leo Schokland ni kimwinuko kirefu chenye miti katikati ya mashamba. Unaweza kusimama kwenye bandari yake ya zamani, magogo ya gati yapo, na mbele yako panaota nyasi. UNESCO ilipaingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia 1995.

Babu alitembea polepole hadi kwenye kingo ya gati. Akachokoa nyasi kwa fimbo.

"Waliambiwa kwa nini wahame?"

"Kwa usalama wao. Na serikali ilichoka kuwagharamia."

"Na bahari ikahama baada ya miaka mingapi?"

Nikapiga hesabu. "Themanini na mitatu."

"Wangengoja," akasema.

Nilicheka, yeye hakucheka. Baada ya mafuriko ya 1968, serikali yetu ilihamisha watu wa bonde la Rufiji kwenda vijiji vipya kwenye ardhi ya juu. Iliitwa Operesheni Rufiji, na ilikuja mapema kabla ya operesheni za vijiji vya ujamaa za miaka ya sabini. Babu alikuwa kijana ndiyo kwanza ameoa. Walipelekwa juu, shule ikaja, zahanati ikaja, na babu hakatai kwamba hayo yalikuwa mema. Ila mpunga hauoti kwenye mchanga wa juu. Kwa hiyo wakawa wanashuka bondeni kila msimu, wanajenga madungu, wanakaa huko hadi mavuno, halafu wanapanda tena juu kwenye anwani yao ya serikali. Wamefanya hivyo zaidi ya miaka hamsini.

Nimekua nikisikia watu wa Dar wakisema Warufiji ni wabishi, wanapenda mafuriko, wakiambiwa wahame hawahami. Nilisoma shule nzima na kauli hiyo ikirudiwa. Schokland pana kibanda cha tiketi, na watu wanalipa waelezwe jinsi wavuvi wale walivyoishi na maji. Sijui niseme nini zaidi kuhusu hilo bila kukasirika, kwa hiyo naendelea na safari.

Tulilala Lemmer, penye mtambo wa mvuke wa 1920 ambao bado unawashwa maji yakizidi Friesland. Ni mkubwa kuliko mitambo yote ya mvuke ya kupampu maji inayofanya kazi duniani. Babu alisema mashine nzuri, imesafishwa vizuri.

Kesho yake nikamzungusha makusudi hadi kwenye tuta maarufu kuliko yote, Afsluitdijk, lile lililofunga ghuba. Kilomita 32 za barabara iliyonyooka, bahari upande mmoja, ziwa upande wa pili. Nilikuwa nimeandaa maelezo. Babu alilala usingizi mzito mwanzo hadi mwisho.

Aliamka tuliporudi upande wa Friesland, Kornwerderzand, kwenye milango ya maji. Akayatazama yanavyotoka ziwani kwenda baharini, akauliza swali ambalo nilitegemea aulize kuhusu ujenzi, gharama au mhandisi. Aliuliza: "Na samaki wanapitaje?"

Walikuwa hawapiti. Tuta lilipofungwa, dagaa na heringi wa Zuiderzee walikwisha, na uvuvi wa miji mizima ukafa au ukalazimika kwenda mbali. Tulipopita, miaka tisini na ushee baadaye, pale pale Kornwerderzand walikuwa wanachimba njia maalumu ya kupitisha samaki kati ya maji chumvi na maji baridi, kama mto wa kutengeneza. Nilimwonyesha mitambo ya ujenzi. Babu akatikisa kichwa. Kwao samaki wanaingia mabwawani wakati wa mafuriko, mto unaporudi wanabaki, na watu wanavua. Anayefunga mto anafunga na kitoweo.

*

Hogebeintum ni kijiji kidogo sana Friesland, chenye kanisa juu ya kilima. Kwenye nchi ile kilima chochote ni ajabu, na hiki kina mita 8.8. Hakikuumbwa na Mungu moja kwa moja. Kabla ya kuwepo matuta, watu wa pwani ile walirundika udongo na samadi, kizazi baada ya kizazi, wakajenga juu yake, maji yakija wao wako juu. Mwandishi wa Kirumi Plinio aliwaelezea watu wa pwani hiyo karibu miaka elfu mbili iliyopita, na aliwaonea huruma kweli.

Ukifika leo utaona kilima kimekatwa pembeni kwa ukali, kama mkate uliomegwa. Sababu ni kwamba udongo wake, wenye samadi ya karne nyingi, ulikuwa na rutuba mno. Karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20, watu walichimba vilima hivi na kuuza udongo kama mbolea kwa wenye mashamba maskini. Nyuma ya matuta waliona hawana tena haja ya vilima.

Babu alikaa kwenye benchi la kanisa. "Walikiuza?"

"Walikiuza."

"Kilima kilichowaokoa?"

"Ndiyo babu."

Alinyamaza, kisha akasema kwamba hilo hata kwao lingetokea, maadamu mnunuzi yupo.

Kutoka hapo hadi baharini si mbali. Tuta la pwani ya Friesland ni refu, kijani kibichi, limejaa kondoo. Kondoo wale wako kazini: wanakula majani yabaki mafupi na mizizi ishike, na kwato zao zinashindilia udongo bila kuuchimba kama ng'ombe. Kuna watu wengine wanaolipwa na bodi za maji kuwinda panya wakubwa wa majini wanaotoboa matuta. Babu alifurahi kusikia kwamba katika nchi yote hii yenye kompyuta, adui mkubwa mmojawapo bado ni panya.

Tulipanda ngazi. Alipofika juu alisimama akihema, akatazama upande wa bahari, akatazama upande wa mashamba, akarudia tena. Bahari ilikuwa imekupwa. Hapo nje ya tuta pana uwanda mpana wa majani ya chumvi na tope linalong'aa hadi upeo wa macho, Bahari ya Wadden, inayoendelea hivyo hivyo hadi Denmark. Babu akanyoosha fimbo nje, kisha ndani.

"Nje ni juu kuliko ndani."

Nimepita pale mara nyingi na sikuwahi kuliona. Ni kweli. Nje ya tuta kila maji yakijaa yanaacha tope kidogo, ardhi inapanda. Ndani, ambako maji yamekatazwa kuingia, hakuna kinachoongezeka, tena ardhi inayovutwa maji kila siku inasinyaa, hasa yenye mboji, inashuka mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana karibu robo ya Uholanzi iko chini ya usawa wa bahari: kwa sehemu kubwa haikuzaliwa hivyo, imekaushwa ikashuka. Kando ya ghuba ya Dollard, karibu na mpaka wa Ujerumani, waliteka bahari vipande vipande kwa karne kadhaa, na ukiendesha kutoka ndani kwenda pwani kila kipande kipya kiko juu kuliko cha zamani, kwa sababu kilikaa na bahari muda mrefu zaidi kabla ya kufungiwa.

"Mto ukiuzuia usiingie shambani," babu akasema, "unaukasirisha mara mbili. Haukuletei udongo, na siku ukiingia unakukuta uko chini."

Sitaki kumgeuza babu kuwa nabii. Waholanzi wanajua haya kuliko yeye na mimi, wana vyuo vya kujua haya. Mito yao ilipojaa 1993 na tena 1995, na watu wapatao 250,000 wakahamishwa, walianza mradi wa kuipa mito nafasi: matuta yakarudishwa nyuma, mabonde yakaachiwa yafurike. Mahali pamoja Brabant, wakulima walijengewa nyumba mpya juu ya vilima vya udongo ili mashamba yao yapokee maji mto ukizidi. Nilipomwambia babu kwamba wamerudi kwenye vilima, aliuliza tu wamenunua udongo wa wapi.

Na sitaki pia kusahau upande wa pili. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953, bahari ilivunja matuta ya kusini-magharibi mwa Uholanzi ikaua watu 1,836. Hayo hayakuwa maji ya neema. Mto Rufiji unapanda kwa siku, unampa mtu muda wa kubeba kuku na magodoro. Bahari ya Kaskazini inakuja usiku mmoja na upepo nyuma yake. Tulibishana kuhusu hili kwenye gari karibu saa nzima, na katika hili babu alikubali. Alisema bahari si mto, nayo ataijengea hata yeye.

*

Mpakani polisi wa Kijerumani walitusimamisha. Tangu Septemba 2024 walikuwa wamerudisha ukaguzi kwenye mipaka yao yote ya nchi kavu. Kijana mmoja akaangalia pasi ya babu, akauliza ni nani wangu. Babu akaniuliza anasema nini. "Anauliza wewe ni nani kwangu." "Mwambie wewe mke wangu." Ni utani wa babu na mjukuu, amenitania hivyo tangu natambaa. Sikuutafsiri.

Ostfriesland walitufaa. Hawa ni Wajerumani wanaokunywa chai, na wanakunywa kweli, takriban lita 300 kwa mtu kwa mwaka. Kule Greetsiel, bandari ndogo ya wavuvi wa kamba, mama mwenye mkahawa alitufundisha utaratibu: kipande kikubwa cha sukari mawe ndani ya kikombe, chai nyeusi ya moto imiminwe juu yake hadi sukari ilie, kisha krimu iwekwe taratibu pembeni, na usikoroge. Unakunywa krimu kwanza, chai chungu katikati, utamu mwishoni. Chini ya vikombe vitatu ni kumkosea mwenyeji. Babu alifuata kila kitu isipokuwa kutokoroga. Akakoroga. Mama yule akaugulia kwa sauti, tukacheka wote.

Kamba wa Greetsiel ni wadogo kama kucha. Babu aliwamenya mmoja mmoja kwa uvumilivu mkubwa, akiniambia kwamba kwao, kwenye delta, hawa wangerudishwa majini wakamalizie shule.

Meza ya jirani alikaa mzee wa makamo ya babu, baharia mstaafu. Alipouliza tunatoka wapi nikasema Tanzania. Akauliza Tanzania gani. Nikasema Rufiji, nikijua hakuna anayeijua. Mzee akanyanyua kichwa. "Königsberg," akasema. Manowari ya Kijerumani iliyojificha kwenye delta ya Rufiji mwaka 1914, Waingereza wakaizingira kwa miezi, hadi ilipoangamizwa humo humo kwenye mikoko Julai 1915. Babu yake babu alikuwa hai. Miaka kumi kabla ya hapo, Mohoro, si mbali na mto huo huo, Wajerumani walimnyonga Kinjikitile, na vita vya Maji Maji vikawaka kusini yote. Mzee yule alijua meli. Mohoro hakuijua.

"Mwambie vyuma vya meli yake vilishauzwa skrepa," babu akasema. Hiyo niliitafsiri. Mzee alicheka hadi akakohoa, akatulipia chai.

Kwenye pwani ile ndipo nilipomsimulia babu sheria ya beleshi. Zamani kila mwenye shamba alikuwa na kipande chake cha tuta cha kutunza. Aliyeshindwa, kwa umaskini, ugonjwa au madeni, alichomeka beleshi lake kwenye tuta na kuondoka. Shamba halikuwa lake tena. Aliyelichomoa beleshi alipata shamba pamoja na kazi ya tuta. Wanao msemo mpaka leo: asiyetaka kujenga tuta na aondoke. Kila mtu niliyewahi kumsimulia huvutiwa na yule anayechomoa beleshi, jinsi anavyopata shamba bure. Babu aliuliza habari za mwingine.

"Na yule aliyelichomeka akaenda wapi?"

Aliuliza tena jioni, kama vile nimemficha jibu.

*

Mto Elbe tuliuvuka kwa feri kutoka Wischhafen kwenda Glückstadt. Babu akawa kijana. Alisimama nje kwenye upepo, anakagua minyororo, anahesabu malori. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa 2003, njia ya kwenda Lindi na Mtwara ilipita kwenye pantoni ya Ndundu, na pantoni ikiharibika au mto ukijaa, mabasi yalilala ng'ambo. Watu wa Ndundu walipika, wakauza, wakapata riziki. Feri ya Elbe ilichukua kama nusu saa na hakuna aliyeuza hata karanga. Babu alisema huo ni uzembe.

Juni kaskazini kule jua halizami mpaka karibu saa nne usiku, na Isha inasogea usiku wa manane. Babu alishukuru kwamba ni msafiri, akajumuisha sala zake na kulala, akilalamika kwamba jua la huku halina adabu.

Kutoka Schlüttsiel tulipanda boti kwenda Hooge. Hooge ni mojawapo ya Hallig, visiwa vidogo kumi vya malisho mbele ya pwani ya Ujerumani. Kina tuta fupi tu la mawe, la kuzuia maji madogo ya kiangazi. Majira ya baridi, dhoruba ikija, bahari inaingia na kufunika kisiwa chote, na kinachobaki juu ni vilima vya udongo vyenye nyumba, kila kilima kisiwa chake. Hilo halichukuliwi kama janga. Ng'ombe wanaingizwa ndani, watoto hawaendi shule, watu wanasubiri. Maji yakiondoka yameacha tope, na kisiwa kimepanda kidogo. Katikati ya kilima pana bwawa la mvua ambalo ng'ombe walikunywa kabla mabomba hayajavutwa kutoka bara.

Sikulazimika kueleza kitu. Babu alizunguka kilima akisoma mahali pale mwenyewe: hapa panafungwa mifugo, hapa maji yanaingilia, huyu amejenga karibu sana na ukingo. Mwenyeji wetu, mama wa kisiwani, alitupandisha ghorofani kutuonyesha chumba kimoja. Mwaka 1962, usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Februari, dhoruba iliyoua watu 315 Hamburg ilipiga na visiwa hivi. Baada ya hapo nyumba za Hallig zilijengwa upya kwa utaratibu mpya: chumba kimoja cha juu kinakalia nguzo za zege zilizozama ndani ya kilima, zisizotegemea kuta. Mawimbi yakibomoa nyumba nzima, chumba kinabaki kimesimama kwa miguu yake, na watu ndani.

Babu alipiga nguzo kwa kiganja. Akatazama juu, akatazama chini. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tuanze kukagua, maana kufikia hapo ilikuwa wazi kwamba tunakagua.

"Hili ni dungu," akasema. "Wametia zege tu."

Mama yule aliuliza amesema nini. Nikamweleza dungu ni nini, nguzo zake, ngazi yake, mpunga chini, maji yakipita chini ya kitanda. Akamuuliza babu yeye hupanda na nini. Babu akasema: mchele, kuku, redio, Kurani. Mama akamwonyesha kabati lake: makopo, mishumaa, redio, Biblia. Walibaki humo wakilinganisha, mimi nikitafsiri hadi koo likakauka, na boti ya kurudi nusura ituache.

*

Ribe ni mji wa zamani kuliko yote Denmark, na mimi nilitaka babu aone kanisa lake kuu, ambamo bahari iliingia kwenye gharika ya Oktoba 1634. Babu aliishia kwenye nguzo. Iko kando ya mto, gogo refu lenye pete za chuma, kila pete inaonyesha mafuriko ya mwaka fulani yalifika wapi. Pete ya juu kabisa ni ya 1634, zaidi ya mita sita, juu sana ya kichwa chake.

Alinitaka nipige picha kila pete. Kisha akataka picha ziende kwa mwenyekiti wa kitongoji kwa WhatsApp, pamoja na sauti yake ikieleza kwamba kwenye ukuta wa msikiti wapige alama za rangi, maji ya 1968, ya 1974, ya Elnino ya 1998, na ya 2024, ili siku serikali au watu wa bwawa la umeme la huko juu ya mto au yeyote akija kuuliza maji hufika wapi, pasiwe na mtu wa kuwaita wabishi.

Mwenyekiti alijibu baada ya Alasiri: wazo zuri sana mzee, rangi atanunua nani? Babu akanitazama. Nikatuma hela ya rangi.

Kosa, kama ni kosa, lilikuwa kuziweka picha kwenye kundi la ukoo pia. Baba mdogo wa Mohoro alisema hakuna haja ya alama nne, maji ya 2024 yalipita yote, yalifika kwenye dirisha lake. Shangazi wa Utete akajibu kwamba dirisha la baba mdogo liko chini kwa sababu fundi alimpunja tofali, na kila mtu anajua ya 1974 ndiyo makubwa. Mtu akaleta habari za bwawa la umeme, kama maji ya 2024 yalikuwa ya mvua au yalifunguliwa, na hapo sauti zikawa za dakika tano tano. Babu alizisikiliza zote usiku ule hotelini, simu imebanwa sikioni, akiingilia kati kila alipoona mtu anapotosha mwaka. Mwishowe akamtumia mwenyekiti ujumbe kwamba asinunue rangi kwanza, amngoje arudi na kamba apime mwenyewe dirisha la Mohoro.